Sauti Nyuma ya Mlango: Ufundi wa Robert Frost katika Shairi la Wazazi Waliofiwa

Utungo wa kumlilia mtoto aliyekufa, ambao Waswahili wangeuweka katika kundi la mbolezi, yaani tungo za kuomboleza, ulikuwa kwa karne nyingi katika fasihi ya Ulaya utungo wa sauti moja, na aghalabu sauti hiyo ilikuwa ya baba. Jan Kochanowski wa Poland alichapisha mwaka 1580 tungo 19 za kumlilia binti yake Urszula, aliyefariki kabla hajatimiza miaka mitatu. Ben Jonson wa Uingereza alimwandikia shairi fupi mwanawe wa kwanza, aliyekufa mwaka 1603 akiwa na miaka saba. Naye Friedrich Rückert wa Ujerumani, baada ya kufiwa na watoto wawili katika majira ya baridi ya 1833 na 1834, alitunga mashairi zaidi ya 400 ambayo hakuyachapisha maishani mwake. Katika kazi hizo zote anayelia ni mmoja, na mama wa marehemu, hata pale anapotajwa, kwa jumla hapewi nafasi ya kumjibu mumewe. Msomaji anaweza kumaliza kitabu kizima bila kujiuliza kama nyumba ile ilikuwa na msiba mmoja au miwili.

Swali hilo ndilo lililojengewa shairi na Robert Frost wa Marekani katika "Home Burial", lililotoka mwaka 1914 ndani ya diwani yake ya pili, North of Boston, iliyochapishwa London. Shairi hilo, lenye mistari zaidi ya 110, lina watu wawili tu, mume na mke wa shambani katika eneo la New England, ambao mtoto wao wa kwanza amekufa na kuzikwa katika makaburi ya ukoo yaliyo karibu na nyumba. Hakuna kinachotokea ila mazungumzo ya dakika chache ngazini. Hata jina lake lina maana mbili, kwa kuwa laweza kusomwa kuwa maziko yanayofanyika nyumbani au maziko ya nyumba yenyewe, na mfasiri wa Kiswahili angelazimika kuchagua upande mmoja, kwa sababu kiambishi cha mahali, -ni, kinatenganisha "maziko ya nyumbani" na "maziko ya nyumba" kwa namna ambayo Kiingereza hakilazimiki kufanya.

Frost alikuwa na sababu yake ya kuujua msiba wa namna hiyo. Elliott, mwanawe wa kwanza na Elinor White, alifariki Julai 1900 kabla hajafikisha miaka minne, na mwaka 1907 binti yao mwingine aliishi siku chache tu. Hata hivyo, kulisoma shairi hili kama kumbukumbu za ndoa yake ni kulipunguza, kwani waandishi wa maisha yake wanaeleza pia kwamba alikuwa na mfano mwingine mbele yake, wa ndugu wa mkewe waliofiwa na mtoto kabla Elliott hajafariki. Jambo lililo wazi ni kwamba aliliona kuwa la huzuni mno kusomwa hadharani, ingawa alikuwa mshairi aliyezunguka nchi nzima akiwasomea watu mashairi yake kwa miongo kadhaa.

Ufunguo wa kiufundi wa shairi hili umo katika barua ambayo Frost alimwandikia rafiki yake John Bartlett Julai 1913, akiwa bado Uingereza. Katika barua hiyo anaeleza kile alichokiita sauti ya maana, akikusudia kwamba kila sentensi ya mazungumzo ina umbo la sauti, yaani kupanda, kushuka, kukatika na kusita, na kwamba umbo hilo hubeba maana hata maneno yenyewe yasiposikika. Mfano alioutoa ni wa mtu anayesikiliza watu wakizungumza nyuma ya mlango uliofungwa: maneno hayamfikii, lakini anajua kama wanagombana, wanabembelezana au wanasihiana. Mshairi, kwa maoni yake, ni yule anayeweza kuupitisha mkatiko huo wa sauti za watu juu ya mapigo ya kawaida ya mstari, viwili hivyo vikavutana bila kimoja kukiua kingine.

Hapa msomaji aliyezoea arudhi ya Kiswahili anahitaji maelezo kidogo. Mizani katika shairi la Kiswahili ni hesabu ya silabi, mathalani 16 katika mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, na mkazo hauingii katika hesabu hiyo kwa kuwa takriban kila neno la Kiswahili hukazwa palepale, katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kina mkazo unaohamahama, kwa hiyo washairi wake wamejenga mizani juu ya mapigo: mstari anaoutumia Frost una silabi kumi zinazopangwa mbilimbili, ya kwanza dhaifu na ya pili nzito, mara tano, bila vina mwishoni. Ni mstari uleule ambao Shakespeare aliutumia katika tamthilia zake, na faida yake kwa kazi ya namna hii ni kwamba umekaribia mno usemi wa kila siku kiasi cha kumfanya msikilizaji asahau kwamba anasikiliza shairi, mpaka mtunzi atakapotaka akumbuke.

Mahali ambapo Frost anataka msikilizaji akumbuke ni pale mume anapolitaja kaburi la mtoto. Ametazama dirishani, amehesabu mawe ya makaburi ya wazee wake, akasema anaelewa kuwa si hayo yanayomliza mkewe, kisha akalitaja tuta la udongo la mtoto, na sentensi yake inakatwa hapo kwa kistari. Mke anadakia kwa neno moja la kukataza, analolirudia mara nne mfululizo. Kwa jicho, hayo ni maneno ya watu wawili yaliyopangwa katika mistari miwili ya ukurasa; kwa hesabu ya mizani, ni mstari mmoja, ambamo mume amechukua silabi nne na zilizobaki sita zimejazwa na katazo la mke pamoja na kishazi cha msimulizi. Mstari umetimia, silabi kumi kamili, lakini umetimizwa na mtu anayemnyamazisha mwenzake. Zaidi ya hayo, silabi nne za kukataza zote ni nzito, hazina dhaifu kati yake, hivyo mapigo ya kupishana yaliyokuwa yakisikika tangu mwanzo yanavunjika na badala yake vinasikika vishindo vinne sawasawa. Takriri hiyo ingekuwa pambo tu katika shairi jingine. Hapa ndipo mahali pekee ambapo kilio cha mama kinasikika bila kuwa na hoja ndani yake.

Kugawana mstari kwa namna hii kunaendelea katika shairi zima, na ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa jinsi kanuni ya umbo inavyoweza kusimulia hali ya ndoa: watu wawili wamefungwa ndani ya kipimo kimoja, hakuna anayeweza kumaliza mstari bila mwenzake, na kila anayeumaliza anaumaliza kwa kupinga. Mistari mishata, ambayo ni mistari inayomwagikia katika mistari inayofuata kabla maana haijakamilika, ni mingi katika kauli za mke kuliko mahali pengine popote, hasa anapoanza kusimulia. Mume kwa upande wake husema sentensi fupi zilizofungwa, nyingi zikiwa na sura ya methali, kana kwamba kila jambo limeshafikiriwa na kuhitimishwa.

Kabla ya maneno, hata hivyo, kuna miili, na Frost anaipanga kama mtu anayeongoza mchezo wa jukwaani. Shairi linafunguka mume akiwa chini ya ngazi na mke akiwa juu, na jambo la kwanza analoambiwa msomaji ni kwamba mume alimwona mkewe kabla ya yeye kuonwa. Mke anaanza kushuka, anageuka kutazama nyuma kitu kinachomtisha, anapanda tena hatua ileile aliyoshuka. Mume anamfuata juu akiuliza anaona nini, na kadiri anavyopanda ndivyo mke anavyojikunja chini, mpaka aliyekuwa juu anakuwa chini ya kivuli cha aliyekuwa chini. Kisha mke anapenya chini ya mkono ambao mumewe ameuweka kwenye ukingo wa ngazi, anateremka, na kuanzia hapo yuko karibu na mlango wa nje, vidole vikichezea komeo, naye mume ameketi juu na kidevu kati ya ngumi, akiahidi kwamba hatashuka. Katika mistari isiyofika 50 wamebadilishana nafasi bila kukutana hata mara moja kwenye kidato kimoja. Msimulizi haongezi maelezo ya hisia. Hasemi kwamba wameachana kimoyo, wala kwamba mume anamtisha mkewe bila kujua ukubwa wa mwili wake. Anatoa vipimo tu, kama fundi ramani.

Dirisha ndilo kitovu cha ramani hiyo. Mke amekuwa akisimama hapo mara kwa mara, na ana hakika kwamba mumewe, ambaye anamwona kuwa kipofu, hataona kilichopo. Naye mume, baada ya kimya kirefu kidogo, anaona, kisha anakiri kwamba hakuwahi kutambua kuwa makaburi yanaonekana kutoka pale kwa sababu ameyazoea mno. Kwa mtu aliyezaliwa katika nyumba ile, makaburi ni sehemu ya shamba, ni watu wake. Kwa mwanamke aliyeolewa pale, kuna kaburi moja tu na mengine ni mawe ya wageni. Katika kueleza udogo wa eneo hilo mume analilinganisha na chumba cha kulala, na hapo kinaya, yaani hali ya maneno kubeba maana ambayo msemaji hakuikusudia, kinakata kwelikweli, kwa kuwa chumba walichompatia mtoto wao uhai na uwanja waliomlaza vimewekwa katika kipimo kimoja na mtu asiyesikia alichokisema.

Majina nayo yamegawanywa kwa makusudi. Mke anaitwa Amy, lakini msimulizi hamwiti hivyo. Ni mume pekee anayelitamka jina hilo, na analitamka anapoogopa kwamba mkewe anaondoka. Mume hana jina, na mkewe hamwiti kwa lolote. Mtoto naye hatajwi jina, wala ugonjwa uliomuua, wala muda uliopita tangu azikwe. Mtunzi wa mbolezi ya kawaida angelianza na jina, kwani kulitaja jina la marehemu ni nusu ya kazi ya kuomboleza. Katika nyumba hii hakuna anayeweza kulitaja, kwa sababu kulitaja ni kukubali kwamba wanamzungumzia mtu mmoja.

Sehemu yenye uzito kuliko zote ni masimulizi ya mke kuhusu siku ya mazishi. Mume, kama ilivyokuwa desturi ya mashamba ya eneo lile, alilichimba kaburi mwenyewe. Mke alimtazama kutoka dirishani, na katika kusimulia kwake kitenzi cha kuruka kinarudiwa, vishazi vinafupishwa, na sentensi inaanza kwenda kwa mwendo wa mkono unaochimba: changarawe inarushwa, inatua, inateleza taratibu kando ya shimo. Anasema alijiuliza mtu yule ni nani. Akashuka ngazi, akapanda tena, sepetu bado ikiinuka. Kisha akasikia sauti nzito ya mume jikoni, akasogea, akamkuta ameketi na viatu vyenye madoa ya udongo mbichi wa kaburi la mwanawe, sepetu ameiegemeza ukutani penye njia ya kuingilia, naye anazungumza mambo ya kila siku. Alichokuwa akikisema ni habari ya uzio: kwamba asubuhi chache za ukungu na siku moja ya mvua zinatosha kuuozesha uzio bora kabisa ambao mtu anaweza kuujenga kwa mti wa betula, mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe.

Mke amelihifadhi neno hilo kwa moyo na anamrudishia mumewe kama ushahidi wa mashtaka, akiuliza kuoza kwa mbao kunahusiana vipi na mwili uliokuwa umelazwa sebuleni. Msomaji makini anaona jibu mara moja. Mtu aliyejenga kitu kwa mikono yake, kwa ustadi wote alionao, amekiona kikiharibika kwa siku chache za hali mbaya ya hewa ambayo hakuwa na uwezo nayo. Uzio ni mtoto, na mwanamume huyo, akiwa na udongo viatuni, alikuwa akiomboleza kwa lugha pekee aliyonayo. Fasihi ya Kiswahili imejaa mafumbo, lakini fumbo katika mapokeo hayo huwa na mfumbaji anayejua anachofumba na mlengwa anayetarajiwa kufumbua. Frost ametunga fumbo lisilo na mfumbaji, kwa kuwa mume hajui kwamba amefumba, na mlengwa wake anashika kila neno bila kufumbua lolote. Yeyote aliyewahi kukaa matangani upande wa wanaume, akasikia mfiwa akiulizia mvua na bei ya mahindi saa chache baada ya kutoka makaburini, anaijua lugha hiyo, ijapokuwa huenda hajawahi kuiona ikishtakiwa.

Uamuzi mkubwa wa kiufundi hapo ni wa mahali pa kuiweka kauli ya uzio. Frost angeweza kuanzia shairi jikoni, siku ya mazishi, na kumwacha mume aseme maneno yake mwenyewe. Msomaji angemhurumia papo hapo na mke angeonekana mkatili kwa kutoelewa. Badala yake kauli hiyo inafika ikiwa kauli ndani ya kauli, kwa sauti ya mke, ikiwa imeshatiwa ghadhabu na dharau yake, na sauti ya awali ya mume imepotea kabisa. Je, aliisema akitetemeka, au kwa ukavu wa mtu anayepiga soga? Hakuna anayeweza kujua. Hapa nadharia ya barua ya 1913 inageuzwa ndani nje: mke amebaki na maneno ya mumewe yaliyovuliwa sauti.

Na kinyume chake kinatokea mistari michache baadaye. Mke anapanua shtaka lake, anasema kwamba hata walio karibu kabisa na mtu humsindikiza hatua chache tu kuelekea kifo, kisha wanageuka kuyarudia maisha kabla maiti haijatiwa udongoni, na kwamba ulimwengu wenyewe ni mwovu, naye hatakubali huzuni iwe hivyo ikiwa ana uwezo wa kuibadili. Ni hoja nzito, pengine ndiyo iliyo nzito kuliko zote katika diwani nzima. Mume anajibu kwamba sasa ameshasema yote, amelia, atajisikia nafuu, basi na afunge mlango. Amesikia kilio, hakusikia hoja, kama yule msikilizaji aliye nyuma ya mlango, ambaye sauti inamfikia na maneno yanabaki ndani. Katika ndoa hii mmoja anasikia maneno bila sauti na mwingine anasikia sauti bila maneno.

Wahakiki wamelirudia shairi hili mara nyingi. Randall Jarrell, katika insha yake ya mwaka 1962, alilipitia karibu mstari kwa mstari kwa uvumilivu ambao wachache wameufikia. Joseph Brodsky, mshairi mzaliwa wa Urusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987, aliliandikia insha ndefu katika miaka ya 1990 ambayo jina lake linaitaja huzuni na akili kama vitu viwili. Mgawanyo huo unavutia, lakini una hatari ya kumfanya msomaji amkabidhi mke huzuni na mume akili, ilhali shairi linaonyesha mke akijenga hoja ya kifalsafa na mume akiropoka methali yenye machozi ndani. Wanaosoma kwa kutafuta mwenye makosa hupata ushahidi wa kutosha kwa kila upande, na huo ndio ufundi wenyewe: kila mara huruma inapomwegemea mmoja, mtunzi anampa kauli inayomharibia. Mume anapoomba aingizwe katika huzuni ya mkewe, ombi ambalo ni la upole wa kweli, anaongeza palepale kwamba mke anapitiliza kidogo, na ombi linakufa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, umbo la majibizano ya kishairi linakumbusha ngonjera, utanzu uliokuzwa na Mathias Mnyampala, ambamo pande mbili hupingana ubeti kwa ubeti mpaka upande mmoja unashawishika na wote wanafikia mwafaka. Ngonjera inaamini kwamba maneno yakisemwa vya kutosha ugomvi utakwisha. Mume wa "Home Burial" naye anaamini hivyo. Ndiyo maana anaomba wakubaliane mambo yasiyoguswa, na ndiyo maana anadhani kusema ni kupona. Mke anakataa msingi wenyewe wa imani hiyo, anamwambia kwamba anadhani mazungumzo ndiyo kila kitu, na anazidi kuufungua mlango.

Mwishoni mume anaona kuna mtu anayekuja barabarani, na aibu ya kuonwa na jirani inaingia katikati ya msiba. Anauliza mkewe anakwenda wapi, kisha yeye aliyeahidi kutoshuka ngazi anasema atamfuata na kumrudisha kwa nguvu. Kauli hiyo ya mwisho inaishia kwa alama ya mshangao na kistari, wino uliokatwa kabla haijajulikana kama aliinuka au alibaki ameketi. Na msimulizi, aliyelifungua shairi kwa kueleza nani alimwona nani kwanza, harudi tena kueleza lolote, mkono wa mke ukiwa bado kwenye mlango.